Leseni ya seva ya wavuti: amua kabla ya kuweka msimbo hadharani

Msimbo wa programu uliowekwa hadharani bila leseni, yaani masharti ya kuutumia, si huria. Watu watausoma, ila hakimiliki inabaki yako na hakuna aliyeruhusiwa kuutumia. Kama uliuandika ukiwa kazini, soma kwanza mkataba wako. Huenda mwenye mali ni mwajiri, na idhini yake uipate kwa maandishi.

Tuseme ni seva inayopokea maombi ya safari za kampuni za utalii Arusha. Hoteli ya Moshi ikiichukua na kuiboresha, unataka maboresho yarudi?

Kama hujali, leseni legevu za MIT au BSD zinatosha: hazidai maboresho yarudi. nginx inatumia BSD ya vifungu 2: mtumiaji abakize tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni, basi. Sisi tungechukua Apache 2.0 ya mwaka 2004. Nayo ni legevu, lakini kila mchangiaji anatoa ruhusa ya hataza zake (haki za uvumbuzi) zinazoguswa na mchango wake, na anayefungua kesi ya hataza dhidi ya programu hiyo anapoteza ruhusa aliyopewa.

Kama unajali, usikimbilie GPL, leseni inayotaka msimbo uliobadilishwa ubaki huria. Hiyo hudai msimbo pale tu programu inapogawiwa kwa mtu mwingine, na seva kwa kawaida haigawiwi: inakaa kwenye mashine ya hoteli, wageni wanaona kurasa tu. Hoteli itaibadilisha ipendavyo bila kuwa na deni kwako. AGPL, ndugu ya GPL, toleo la 3 la mwaka 2007, iliziba tundu hilo kwa kifungu cha 13: aliyebadilisha programu lazima awape wanaoitumia kupitia mtandao njia ya kupata msimbo uliobadilishwa, bila malipo. Bei yake ni kwamba baadhi ya kampuni, Google ikiwemo, huikataa kabisa.

Kagua pia leseni za maktaba ulizotumia, yaani msimbo wa wengine uliomo ndani ya seva yako. Msimbo wa Apache 2.0 hauchanganyiki na ule unaoruhusu GPL toleo la 2 tu. Na wa toleo la 3 unachanganyika. Kwenye maktaba ya GPL toleo la 2 tafuta maneno “au toleo lolote la baadaye”, kwani yakiwepo unaweza kuhamia toleo la 3.

Weka maandishi kamili ya leseni, bila kuyagusa, kwenye faili LICENSE, kisha juu ya kila faili la msimbo andika mstari unaotaja leseni kwa jina fupi la mfumo wa SPDX. Kwa AGPL ni huu:

SPDX-License-Identifier: AGPL-3.0-or-later

Mwisho, wachangiaji. Kila mmoja anamiliki alichoandika, hivyo ukitaka kuuza leseni ya kibiashara baadaye utahitaji ridhaa ya wote. Makubaliano hayo yasainiwe kabla hujapokea mchango wa kwanza. Ukishakuwa na wachangiaji ishirini, wengine hawajibu tena barua pepe.