Kuziona molekuli za ethanoli zikishikana: kipimo cha infraredi, hatua kwa hatua

Ndani ya ethanoli, haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Kifungo hicho ni dhaifu, kilojuli 20 hivi kwa moli, ilhali kifungo cha O-H chenyewe, cha oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli moja, kinapita 400. Hata hivyo kinatosha kuilegeza O-H, na ikilegea hutetema polepole zaidi. Mtetemo huo ndio tunaousoma kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: O-H hunyonya mwanga unaolingana na mtetemo wake, na mashine huuchora kama kilele. Namba ya kilele, kwa sentimita, ikiwa ndogo, mtetemo ni wa polepole.

Hatua ya 1: kausha. Spiriti ya kawaida haifai, kwa sababu maji nayo yana O-H. Laza ethanoli safi usiku kucha kwenye punje za kukaushia za 3A (ukubwa wa vitundu vyake). Ukiipima ukaona kilele karibu na 1640 kwa sentimita, maji bado yamo.

Hatua ya 2: kiyeyusho. Natumia tetrakloroethilini, ile ya madobi wanaofua bila maji. Haina haidrojeni hata moja, hivyo eneo letu, la mitetemo ya O-H, inaliacha wazi. Ni sumu: vaa glavu, fanyia kazi kwenye kabati la kuvuta mvuke, na usimwage kwenye sinki. Vitabu vya zamani vitakwambia utumie tetrakloridi ya kaboni. Achana nayo, inaharibu ini na ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987 inaidhibiti.

Hatua ya 3: changanya. Mililita 1.46 za ethanoli, jazia kiyeyusho hadi 50: hiyo ni 0.5 M, yaani moli 0.5 kwa lita. Chukua mililita 5 zake, jazia tena hadi 50, upate 0.05 M. Rudia mara moja zaidi, 0.005 M.

Hatua ya 4: chagua seli, yaani kichupa chenye madirisha ambamo mwanga hupita; milimita zake ni umbali wa mwanga ndani ya mchanganyiko. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapima michanganyiko yote kwa seli moja, kisha hawajui kama kilele kimepungua kwa sababu vifungo vimekatika au kwa sababu ethanoli ni kidogo. Mimi hutumia seli ya milimita 0.1 kwa 0.5 M, ya milimita 1 kwa 0.05 M, na ya milimita 10 kwa 0.005 M. Mwanga unakutana na idadi ileile ya molekuli kila mara. Kitakachobadilika ni jinsi zinavyoshikana tu.

Madirisha yawe ya floridi ya kalsiamu. Niliwahi kuweka spiriti yenye maji kwenye madirisha ya chumvi. Yakaota ukungu kama kioo cha bafuni, na siku nzima ikaishia kuyasugua.

Hatua ya 5: pima. Anza na kiyeyusho kitupu katika seli ileile, kisha mchanganyiko, kutoka 3800 hadi 3000. Usipumulie ndani ya mashine. Mvuke wa pumzi huacha miiba myembamba juu ya 3500, na mgeni huidhania kuwa O-H.

Hatua ya 6: soma. Kwenye 0.5 M utaona mlima mpana karibu na 3350: minyororo ya molekuli zilizoshikana, kila moja kwa nguvu yake, ndiyo maana ya upana ule. Kwenye 0.005 M mlima unakaribia kutoweka, na karibu na 3630 unasimama mwiba mmoja mwembamba, O-H isiyoshikwa na yeyote. Mchanganyiko wa kati una vyote viwili.

Ukibaki na muda, jaribu ethilini glaikoli kwa 0.005 M au chini. Inayeyuka kwa shida. Utapata miiba miwili, imeachana kwa takriban 30, na hata ukizidi kuizimua wa pili hauondoki. Molekuli hiyo ina O-H mbili, na moja imeishika nyingine.