Kusoma data za SQLite kwenye apu ya simu, mfano wa kilo za korosho

Wadau, natengeneza apu ya makarani wa chama cha msingi huku Tandahimba, maana msimu ukianza Oktoba ghalani panajaa magunia na mtandao unakata unarudi, kwa hiyo kilo zinatunzwa kwenye simu yenyewe, kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ambayo Android inakuja nayo tayari. Kuandika data sio kazi. Kazi ni kusoma, na mkulima akiuliza "mwanangu, mpaka leo nimepima kilo ngapi?" lazima apate jibu la kweli.

Tuseme jedwali linaitwa mizigo, namba ni namba ya mkulima (maandishi), db ni hifadhidata uliyokwisha kuifungua, na orodha ndo unapoweka majibu. Kwa Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android, unasoma hivi:

val sql = "SELECT tarehe, kilo FROM mizigo WHERE namba = ? ORDER BY tarehe DESC"
db.rawQuery(sql, arrayOf(namba)).use { c ->
    while (c.moveToNext()) {
        orodha.add(Mzigo(c.getString(0), c.getDouble(1)))
    }
}

Hapo kwenye c ndo wengi tunakwama. Hiyo ni Cursor, ichukulie kama kidole cha karani kwenye daftari, na kidole kinaanzia JUU ya mstari wa kwanza, sio kwenye mstari wenyewe, kwa hiyo ukisoma kabla hujaita moveToNext apu inakufa na ujumbe kwamba umeomba indeksi -1, yaani mstari ambao haupo. Mimi ilinila siku nzima hiyo. Namba 0 na 1 ni nafasi ya safu (column) kwa jinsi ulivyozitaja kwenye SELECT, ukibadilisha mpangilio pale badilisha na huku. Ile use inafunga Cursor yenyewe ukimaliza, usiiache.

Alama ya kuuliza nayo usiidharau. Ukiunganisha maneno ya swali kwa alama ya + badala ya kuweka ?, siku karani akitafuta kijiji cha Ng'apa swali linavunjika, kwa sababu ile ' ya ng' SQLite inadhani umefunga maandishi. Ukipitisha kwa ? haina shida, na mtu hawezi kukuchomekea amri zake.

Tarehe sasa, SQLite haina aina maalumu ya tarehe, ukihifadhi 28/10/2024 na 02/11/2024 kama maandishi basi ile ya Oktoba itaonekana ndo mpya kwa sababu 28 inaizidi 02. Andika 2024-11-02, mwaka mbele, itajipanga vizuri.

Halafu usisomee kwenye thredi kuu, ile inayochora skrini, weka ndani ya withContext(Dispatchers.IO), la sivyo skrini inaganda huku foleni ya watu imesimama kwenye mzani.

Na kama unataka jumla tu, usivute mistari yote uje ujumlishe mwenyewe, andika SELECT TOTAL(kilo) halafu WHERE ileile, ita moveToFirst, soma getDouble(0). Nimechagua TOTAL badala ya SUM kwa sababu mkulima ambaye hajapima bado SUM inamrudishia NULL, yaani hakuna thamani, TOTAL inamrudishia 0.0.