SOMO: Ganzi ya mgongo kwenye operesheni ya kujifungua, hatua kwa hatua

Akina mama wengi huingia chumba cha upasuaji wakiwa wameambiwa tu kwamba watachomwa sindano mgongoni. Mmoja akihisi anaguswa tumbo hudhani dawa haijashika, anajawa na hofu. Mwingine anaumia kweli lakini anakaza meno, akiamini ndivyo inavyokuwa. Mimi kazi yangu ni kutoa ganzi na usingizi, na huyu wa pili ndiye hasa ninayemwandikia.

Kwa nusukaputi unalala hujitambui. Kwa ganzi ya mgongo uko macho, unaongea, na mtoto akilia unamsikia. Njia hii August Bier aliitumia kwenye upasuaji mwaka 1898 huko Kiel, Ujerumani, kwa kokeini. Siku hizi dawa inayotumika sana ni bupivakaini.

Hatua ya 1: Kabla ya kuingia
Kama operesheni imepangwa, kwa kawaida huli chakula kwa saa 6, na maji matupu unaacha saa 2 kabla. Fuata maelekezo ya hospitali yako. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, pia aleji na kidonda chochote mgongoni. Utawekewa dripu na kupimwa presha.

Hatua ya 2: Mkao
Hapa ndipo mama anaposaidia zaidi. Kaa ukingoni mwa kitanda, kumbatia mto, kidevu kifuani, legeza mabega, kisha tunisha mgongo kama paka. Pingili zikifunguka, sindano hupita kirahisi. Uchungu ukija, sema, tutasubiri upite. Utahisi vidole vikipapasa nyonga zako, kwa sababu mstari wa juu ya mifupa ile ndio unaotuonyesha pa kuchoma. Kisha utapakwa dawa ya kusafisha, ni baridi sana.

Hatua ya 3: Sindano
Mara nyingi huanza ganzi ndogo ya ngozi, inayowasha kwa sekunde chache. Ikifuata sindano ndefu nyembamba, utahisi kusukumwa. Ukihisi kitu kama shoti ya umeme mguuni, usiruke, sema ni mguu upi. Dawa yenyewe ni kidogo, kama mililita 2 hivi.

Hatua ya 4: Dawa inashika
Miguu inapata joto, inakuwa mizito. Unalazwa ukiwa umeinamishwa kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisibane mishipa mikubwa ya damu. Presha huweza kushuka, nawe ukasikia kichefuchefu au kizunguzungu. Sema hapo hapo, dawa yake ipo. Halafu tunakugusa kwa pamba yenye spiriti: begani utasikia baridi, tumboni usiisikie. Hisia ya baridi na ya maumivu hupita kwenye nyuzi nyembamba za neva, na ganzi huzizima hizo vizuri kuliko zile za kuguswa.

Hatua ya 5: Upasuaji
Ndiyo maana utahisi mikono, kuvutwa, na mtoto anapotolewa utahisi kukandamizwa kwa nguvu juu ya tumbo. Hayo ni ya kawaida. Maumivu ya kuchoma na kukata si kawaida.

Hatua ya 6: Baadaye
Miguu hurudi baada ya saa chache. Dawa za maumivu zianze kabla ganzi haijaisha. Na usisimame mara ya kwanza bila mtu wa kukushika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Kijacho: Ni kweli sindano hii inaleta maumivu ya mgongo ya maisha?
Jibu: Hapana, dada. Palipochomwa huuma siku chache. Mgongo unaoendelea kuuma baada ya uzazi huwapata hata waliojifungua bila ganzi.

Baba Mtarajiwa: Haiwezi kugusa uti wa mgongo akapooza?
Jibu: Madhara ya kudumu kwenye neva hutokea kwa nadra sana, kaka. Kwa mtu mzima uti wenyewe, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya pingili, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, nasi tunachoma chini ya hapo.

Dada wa Pwani: Mimi nililazwa chali bila mto siku nzima, na kichwa bado kiliuma!
Jibu: Pole sana. Kulala chali hakuzuii. Kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala hutokana na maji ya uti kuvuja kwenye kitundu cha sindano. Rudi hospitali, kinatibika. Kikiambatana na homa au shingo kukakamaa, nenda bila kusubiri.

Mama Wawili: Nikisema naumia, nikaambiwa nivumilie?
Jibu: Usiseme "nahisi", maana watadhani ni kule kuguswa. Sema "naumia, panachoma, hapa", na mwambie aliyekaa kichwani kwako, ndiye mwenye dawa. Kisu kikiwa bado, upasuaji unasubiri. Ukiwa umeanza, anakuongezea dawa za maumivu au anakupa nusukaputi. Akikaa kimya, rudia kwa sauti.