Mafuta ya kiraka na mafuta ya kutunza gobore

Gobore linahitaji mafuta ya aina mbili, na yanayofaa kwa kufyatulia hayafai kwa kuhifadhia. Anayetumia chupa moja kwa yote, mara nyingi mafuta ya injini au ya cherehani, atahangaika na mdeki (ufito wa kushindilia) kabla ya risasi ya tano. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki masizi na chumvichumvi. Uchafu huo ukichanganyika na mafuta ya injini hunata kama lami. Ukikutana na mafuta ya mnyama au ya mmea hubaki laini, na kiraka kinachofuata, yaani kitambaa kinachozungushiwa risasi, huusukuma chini.

Kwa kiraka, chukua nta ya nyuki sehemu 1 na mafuta ya kondoo yaliyochujwa sehemu 2, kwa uzito. Penye joto kali, fanya nusu kwa nusu, la sivyo yatayeyuka mfukoni. Yeyusha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, baruti ikiwa mbali kabisa. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chakula usiyaguse: yana chumvi, na chumvi hula chuma. (Askari wa Kihindi walioasi mwaka 1857 walisikia kwamba karatasi za risasi za bunduki za Enfield zimepakwa mafuta ya nguruwe na ng'ombe. Mafuta ya kondoo hayana ugomvi na mtu.)

Kitambaa kiwe pamba tupu. Tetroni huyeyuka ndani ya mtutu. Amerikani nzito inafaa, ila ifue kwanza itoke wanga. Kwa mtutu wa milimita 12.7 wenye mifereji, risasi ya duara ya 12.45 na kiraka cha unene wa 0.4 hivi ni mwanzo mzuri. Sugulia mafuta yaingie kwenye nyuzi, kisha futa yanayobaki juu. Yakizidi, hulowanisha baruti na bunduki hukataa kulia, hasa ikikaa imeshindiliwa usiku kucha. Mate yanatosha uwanja wa shabaha tu, unaposhindilia na kufyatua papo hapo.

Mwamuzi ni kiraka chenyewe. Mkimaliza wote kufyatua, kiokote hatua chache mbele ya mtutu. Kizuri kina duara jeusi katikati na kingo nzima. Kikiungua katikati, mafuta ni machache au kitambaa ni chembamba, moto unapita. Kikikatika kwa mistari, mifereji au mdomo wa mtutu una makali.

Kusafisha: kwanza ingiza mdeki uhakikishe mtutu ni mtupu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni siku hiyohiyo, kausha hadi kitambaa kitoke kikavu, ndipo upake mafuta membamba ya bunduki. Hapa mafuta ya madini ndiyo bora. Ya zeituni hayakingi kutu kwa muda mrefu, na ya kitani huganda, yaachie kitako cha mbao. Simamisha gobore mdomo chini mafuta yasichuruzikie kwenye tundu la moto, linalopitisha moto hadi kwenye baruti. Pitisha kitambaa cheupe kesho yake, na tena baada ya wiki. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia kuosha. Pwani, kagua mara nyingi zaidi.

Siku ya kufyatua, futa mafuta hayo yote kwa spiriti, mtutu na tundu la moto, uache pakauke kabisa kabla ya kutia baruti.

Gobore lenye mtutu wa bomba la maji halina mafuta ya kulisaidia. Usilifyatue.