Winnifred, ufukwe wa kwenda katikati ya wiki

Ukifika Jamaika na hupendi fukwe zilizofungiwa ndani ya hoteli, nenda parokia ya Portland, kaskazini-mashariki mwa kisiwa, uulizie Winnifred. Uko Fairy Hill, mashariki ya mji wa Port Antonio. Chagua Jumanne au Jumatano. Jumapili wenyeji huja na familia nzima na muziki. Ni raha pia, ila utulivu usiutafute.

Panda teksi ya kuchangia inayoelekea Boston Bay (zenye kibali zina namba nyekundu), shuka Fairy Hill, kisha teremka kwa miguu. Ukiombwa mchango mlangoni, toa bila kunung'unika. Wakazi ndio wanaoutunza ufukwe, na ndio waliokwenda mahakamani usifungwe. Mwaka 2014 mahakama ilithibitisha haki ya umma kuutumia. Beba noti ndogo za dola ya Jamaika.

Maji yametulia kwa sababu matumbawe huvunja mawimbi huko nje. Yatazame kwa miwani, usiyakanyage.

Njaa ikiuma, sogea Boston Bay ukale jerk: nguruwe au kuku aliyekolezwa viungo na scotch bonnet, ndugu wa pilipili mbuzi, akachomwa juu ya kuni za pimento, mti wa viungo. Usiyekula nguruwe, uliza kwanza kama jiko ni moja. Agiza na shelisheli la kuchoma. Mchuzi uonje kidogo kabla ya kuumwaga.

Na koti la mvua lisikosekane. Portland hunyesha sana.