Mkijadili tamthilia: penzi au ukatili?

Mkibishana kama mwanamume mbabe anayemlazimisha mwanamke kwenye tamthilia anaonyesha penzi au ukatili, chagueni onyesho lao moja tu, la dakika tatu hadi tano, mlitazame mara mbili. Mara ya pili zimeni sauti. Muziki laini huficha mengi: muziki ukiondolewa, mtaona mwanamke anarudi nyuma, anakwepa macho, mlango umefungwa. Hapo ulizaneni: aliombwa? Angeweza kukataa bila kupigwa, kufukuzwa au kunyimwa matumizi? Kunyamaza kwake msikuhesabu kuwa ridhaa.

Kisha tazameni sehemu zinazofuata. Mbabe akizawadiwa harusi bila kuwajibika kwa lolote, hadithi imeubariki ukatili. Kuuonyesha tu si kuubariki, na kwenye vibaraza vya Dar, Temeke hadi Mbezi, ugomvi mwingi huzuka kwa kuchanganya hayo mawili.

Atakayesema "si mkewe?" msomeeni kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Msimkejeli mtazamaji anayempenda mbabe huyo. Atanyamaza, mjadala utakufa. Mtu akianza kusimulia ya nyumbani kwake, wekeni tamthilia kando, msikilizeni, mumweleze kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako ukatili wa nyumbani huripotiwa.