Jinsi ya kupima mkaa na kuni za nyumbani ili takwimu za nchi ziweze kulinganishwa

Sensa nyingi huuliza nishati kuu ya kupikia, basi. Nyumba yenye mtungi wa gesi na jiko la mkaa la kuchemshia maharage inaandikwa "gesi", na mkaa wake haumo kwenye hesabu. Dawa ni kupima.

Tumia mizani ya kuning'iniza inayoonyesha tofauti ya gramu 100. Gunia si kipimo. La lumbesa na la kawaida hutofautiana mno. Pima akiba yote, waombe wenyeji watumie hiyo tu, kisha rudi saa ileile siku 3 mfululizo upime kilichobaki. Mkaa uliozimwa ili uwashwe tena nao urudi kwenye mizani. Chenga za chini ya gunia zipime kando, la sivyo zitahesabika kama zimeunguzwa.

Kuni zina shida ya maji. Pasua gogo, uchome pini za kipima unyevu katikati, maana gome hukauka kwanza. Kipima kikisoma 25%, kinalinganisha maji na kuni kavu kabisa. Katika uzito uliopima, maji ni 20%.

Kisha gawanya kilo zilizotumika kwa walaji waliokula siku hiyo, kila mmoja kwa uzani wake: mwanamume wa miaka 15 hadi 59 ni 1, mwanamke wa 15 na zaidi 0.8, mzee wa kiume 0.8, mtoto 0.5. Baba, mama, bibi na watoto 3 ni 4.1.

Usilinganishe kilo kwa kilo. Kilo ya kuni zilizokauka hewani hutoa takriban megajuli 15, mkaa 29, gesi ya mitungi 46. Nyumba ya kuni kilo 8 kwa siku inatumia megajuli 120. Ya mkaa kilo 2, megajuli 58 tu. Ila tanuri la udongo la kuchomea mkaa hula kilo 5 hadi 8 za kuni kwa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo hizo kilo 2 zimemeza kuni kilo 10 hadi 16. Msitu unaumizwa zaidi na jiko linaloonekana la kubana matumizi.

Takwimu za Ufini zikitaja mita za ujazo, hakikisha ni za rundo au za mti mtupu: rundo lina nafasi za hewa, karibu theluthi nzima. India, uliza kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Tanzania, katazo la kuni na mkaa la Januari 2024 linahusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, si majumbani, hivyo usilitumie kueleza mwelekeo wa kaya.

Rudia kipimo msimu uleule, nje ya Ramadhani na sikukuu. Chapati za kuuza na pombe ya kupikwa ziwe na safu yake.